Mkono Uliosimama Mlangoni

Watu waliposikia kwamba mjomba wangu ni hakimu wa ndege, waliuliza zimeshtakiwa kwa kosa gani. Yeye alikuwa na jibu lake la siku zote: "Kwa kosa la kujifanya ndege."

Ndege zenyewe hazijawahi kuguswa na upepo. Ni za simuleta, ile programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kurusha ndege akiwa amekaa sebuleni kwake na kandambili miguuni. Programu huja na ndege zake chache, na wapenzi wakizichoka hutafuta za nyongeza. Hizo hutengenezwa na watu waliotawanyika huku na huko, kila mmoja na kompyuta yake na wazimu wake. Mtengenezaji mmoja anaweza kumaliza miaka akiichora ndege moja tu: bati lake, vioo vyake, mshono wa kiti cha rubani, doa la mafuta chini ya injini. Akimaliza, anataka apatikane mtu wa kuitazama. Hapo ndipo mjomba alipoingia.

Tovuti iliyorusha hukumu zake ilikuwa ya Bosi, mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Nyuma ya duka lake, ukipita rafu za mashine zilizopasuliwa matumbo, kulikuwa na chumba chenye pazia zito ambalo halikufunguliwa kamwe, maana jua likiigonga skrini rangi zote hudanganya. Mle ndani mlikuwa na viti viwili, skrini kubwa kuliko zote za dukani, maikrofoni, na feni ambayo ilibidi izimwe wakati wa kurekodi isije ikavuma kwenye sauti. Kwa hiyo tulihukumu tukitoka jasho.

Mjomba alikaa kiti cha kulia. Watengenezaji walimjua kwa jina la Msasa. Kabla ya hapo alikuwa mpaka rangi wa ndege, ndege za kweli, kwenye karakana ya uwanja, akisugua mabati kwa msasa na kuyapaka upya hadi karakana ilipofungwa. Jina lilimkaa pia kwa sababu ya mdomo wake. "Hii ndege imetoka dukani leo asubuhi?" aliwahi kumwambia mmoja. "Mbona hata soksi yangu mpya imeshaona mengi kuliko hili tairi?" Mwingine aliambiwa kwamba amepaka kutu kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Walimnunia siku mbili tatu, kisha wakarudi kurekebisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata akisema uongo. Alama ya Msasa waliibandika kwenye matangazo yao kama muhuri.

Mimi nilikaa kiti cha kushoto. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada yangu ya sanaa imelala ndani ya bahasha, na mama alikuwa amemlalamikia kaka yake: "Huyu mtoto anakaukia ndani. Mtafutie hata cha kushika." Mjomba akanitafutia kipanya.

"Kutazama na kushika haviendi pamoja," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe shika, mimi nitazame. Na kinasa kikiwa wazi, usitie neno. Alama iwe ya jicho moja."

Basi kazi yangu ikawa kumzungusha. Tulianzia mlango wa kushoto, tukafuata bawa, injini, pua, upande wa pili, mkia, kama rubani anavyoizunguka ndege yake kabla ya kuruka. Halafu tukaingia ndani. Alipenda kuanza na mahali panaposhikwa na watu, vitasa, vidato, kingo za viti, kwa sababu alisema ndege huzeekea hapo kwanza. Mchoraji mvivu huchakaza ndege nzima sawasawa, kama mtoto anayejipaka masizi usoni ili afanane na babu.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyothubutu kuwaambia wenzangu wa chuo. Wao walikuwa wakihangaika na maofisi, mimi nilikuwa gizani nikitazama vichwa vya skrubu. Lakini niliamini, na bado naamini, kwamba mtu aliyekaa mwezi mzima akichora kichwa cha skrubu moja anastahili kupata japo mtu mmoja wa kukiona. Mjomba ndiye aliyekuwa mtu huyo kwa watu wengi sana.

Mmoja wao alijiita Kipepeo. Hatukuwahi kumwona uso. Ndege zake za mwanzo mjomba alizikwaruza vibaya. "Umechora ndege kama mtu aliyesimuliwa," alimwambia kwenye ile ya mwisho. "Siku ukiishika, urudi." Kipepeo akatoweka. Tukadhani tumempoteza, kama tulivyowapoteza wengine walioshindwa kuvumilia. Kumbe alikuwa amejifungia na kazi. Alipoibuka alileta ndege ya injini mbili, kuukuu, ya kubeba abiria wachache na mizigo, aina ileile ambayo mjomba aliipaka rangi nusu ya maisha yake.

"Hii nimeisubiri," mjomba alisema, akasogeza kiti mbele.

Siku hiyo kompyuta ilikuwa hoi. Bosi, ambaye ni mkono wa birika, alikuwa ameiunganisha na kazi nyingine ya mteja huku sisi tunarekodi, ili umeme mmoja ufanye kazi mbili. Kadi ya picha ilipojaa, programu ikafanya inavyofanya ikielemewa: badala ya kuivisha ndege ngozi yake kamili, yaani picha ya rangi na mikwaruzo yake yote, iliivisha ya muda, iliyofifia. Anayefanya kazi hii hulijua tatizo hilo mara moja. Ndege huonekana kama unaitazama kupitia kioo kilichopakwa sabuni.

Nilipofika mlangoni, mkono wangu ukasimama. Mlango haukuwa na kingo. Ribiti, zile njumu ndogo zinazoshikilia mabati, hazikuwepo hata moja. Palikuwa na ukungu wa kijivu tu, na mahali pa kitasa palikuwa na doa jeusi kama lami iliyomwagika. Nikasubiri mjomba apige kelele, "Simamisha! Haijapanda hii!" kama alivyokuwa akifanya huko nyuma.

Akavuta pumzi.

"Aah," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Sasa huyu kijana ameamka. Tazameni ribiti za mlango huu. Za chini zimelika kuliko za juu, kwa sababu ndipo viatu vya abiria vinapogonga wakipanda. Na kitasa je? Rangi imebanduka pale tu kidole kinapobonyeza, kwingine nzima. Haya hayachorwi kwa kubahatisha."

Nilimgeukia. Alikuwa ameinamisha kichwa kando kidogo, kama alivyozoea siku hizo. Nyumbani tulidhani ni shingo inamsumbua, mama akawa anampa mafuta ya kuchua. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

Sikujua la kufanya. Kinasa kilikuwa wazi. Nikasogeza kipanya haraka, nikaipita injini kwa kasi nikitumaini kwamba ngozi itapanda tukifika mkiani. "Injini ni ya wastani," mjomba alisema. "Hapa ameharakisha." Ngozi haikupanda. Mwishoni alitoa alama ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote, na mimi nikazima kinasa.

Bosi akachungulia. "Imetoka?"

"Imetoka," alisema mjomba.

"Basi naipandisha jioni hii. Watu wanamngojea huyo Kipepeo."

"Bosi, ngozi haikupanda," nilisema. "Ndege nzima ilikuwa ukungu. Inabidi turudie."

Bosi alinitazama, akamtazama mjomba. "Msasa anasema imetoka, wewe unasema ukungu. Hakimu hapa nani, bibi shahada?"

Nilingoja mjomba anitetee au anikane. Alikuwa anapapasa meza akitafuta miwani yake, nayo ilikuwa mbele yake kabisa.

"Turudie," alisema hatimaye, taratibu. "Kesho kutwa."

"Haya. Ila umeme si maji ya mvua, jamani."

Tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukakaa kwenye ngazi za saruji kunakotupwa maboksi. Palikuwa na mwanga mkali baada ya giza lile, na mjomba aliziba macho kwa kiganja.

"Haikupanda kweli?"

"Haikupanda, Mjomba. Mlango ulikuwa kijivu kitupu."

"Sasa mbona ulisimama?"

Sikumwelewa. "Nilisimama kwa kushtuka."

Akacheka, kicheko cha kukohoa, kisicho na raha. "Mimi nikadhani umependa."

Halafu akanieleza, macho yakiwa kwenye maboksi. Ilianza kama doa dogo katikati ya jicho la kulia, kisha la kushoto likafuata. Daktari wa macho alimwambia kwamba kilichoondoka hakirudi, wanachoweza ni kujaribu kuchelewesha kilichobaki. Pembeni anaona. Anaona mlango uko wapi, anaona mtu anakuja.

"Lakini nikikutazama wewe usoni, uso haupo," alisema. "Nywele zipo, masikio yapo. Katikati ni kama mtu amepitisha brashi."

"Na ndege?"

"Ndege naona kitu cheupe kimekaa."

"Sasa alama zote hizi, Mjomba? Za mwaka huu wote?"

"Zilikuwa zako." Alisema hivyo kana kwamba ananipa pongezi. "Ukipenda kitu, kipanya kinanyamaza. Kikiwa kibaya, unapita mbio kama umekanyaga kaa la moto. Kikiwa kibaya sana, unaguna, hata hujijui. Nilikuwa nasikiliza mkono wako, halafu namalizia na yale ninayoyajua. Ukisimama mlangoni, nazungumzia ribiti. Ukisimama kwenye kiti, nazungumzia mshono. Hatukuwahi kukosea, mimi na wewe. Hadi leo."

Nilikumbuka watu waliofurahi na watu waliokata tamaa kwa sababu ya mkono wangu, mkono ambao hata mwenyewe sikujua kwamba unasema. Siku nyingine nilisimama kwa sababu nimebanwa na chafya.

"Tumwambie Bosi," nilisema. "Leo. Sasa hivi. Ataelewa."

"Ataelewa. Halafu?"

"Halafu utakuwa umesema kweli."

"Halafu nitaondolewa kama skrini iliyopasuka. Kwa upole, na pole nyingi." Akanishika kifundo cha mkono, akakikosa mara ya kwanza. "Sikiliza, mwanangu. Karakana walipoifunga, walitutoa kwa mlango wa nyuma, hata sare hatukuvua. Niache mara hii niondoke kwa miguu yangu. Nataka hii moja tu. Nikishaihukumu ya Kipepeo, nitasema mwenyewe kwamba nimezeeka, napumzika, kwaherini. Watu watasema Msasa aliondoka akiwa Msasa. Sina kingine ninachokiomba."

"Utaihukumu vipi na huioni?"

"Utaniambia. Kesho, tukiwa wawili. Kipande kwa kipande, usiache hata msumari. Nitakariri."

Nilitaka Kipepeo apate haki yake na mjomba apate heshima yake, na pale kwenye ngazi nilishawishika kwamba vyote viwili vinaweza kukaa kwenye kiti kimoja. Nikasema sawa.

Kesho yake Bosi alikuwa kwa wateja. Niliifungua ndege kompyuta ikiwa haina kazi nyingine, na ngozi ikapanda yote.

Nitasema tu kwamba nilikaa muda mrefu bila kusogeza chochote, na mjomba akanong'ona, "Leo umependa kweli." Kipepeo alikuwa ameishika ndege. Sijui aliishikia wapi, lakini alikuwa ameishika. Nilianza kueleza. Nilimwambia kuhusu kioo cha dirisha la rubani, chenye mikwaruzo ya mviringo ya mtu anayekifuta na kitambaa kikavu kila asubuhi. Nilimwambia kuhusu zulia lililolika kwenye njia ya katikati na kubaki jipya chini ya viti. Nilimwambia kwamba ubavuni, chini ya rangi nyeupe, zilionekana kwa mbali herufi za usajili wa zamani ambazo mtu alizifunika bila kuzisugua vizuri.

"Mvivu huyo!" mjomba alisema, akicheka huku amefumba macho. "Nilimjua. Nilifanya naye kazi. Sio yeye, lakini nilimjua." Kisha akauliza, "Pale rangi ilipobanduka kwenye bawa, chini yake ni rangi gani?"

"Kijani. Lakini kijani kinachoelekea njano."

"Ndiyo. Ndiyo, ndiyo." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Nani alimwambia mtoto huyu?"

Tulikwenda hivyo hadi mchana. Alirudia kila kitu baada yangu kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Nilipoitazama ile ndege na kumsikiliza yeye, nilihisi kwamba hatumdanganyi mtu. Kila neno lilikuwa la kweli. Ila kwenye simuleta picha huingia ndani bila kupita mlangoni, kwa hiyo mlango tuliutazama ukiwa umefungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuufungua.

Siku ya kurekodi Bosi alituandalia jambo la kushtukiza. "Kipepeo yuko kwenye laini," alisema, akitabasamu. "Atakuwa anasikiliza moja kwa moja, na picha anaiona. Watazamaji wanapenda mambo haya."

Mjomba alishika ukingo wa meza. Mimi nilishika kipanya.

"Shikamoo, mzee," ikasema sauti kwenye spika. Ilikuwa sauti changa, yenye woga, ya mtu aliyejitayarisha kusema hayo.

"Marahaba, mwanangu. Leo hujambo?"

"Sijambo, mzee. Roho iko mkononi tu."

"Iweke chini, itachafuka. Tuanze."

Na alianza vizuri. Jamani, alianza vizuri sana. Nilizungusha picha polepole kama tulivyopanga, naye akatiririka: ribiti, kioo, zulia, zile herufi za zamani. Kwenye spika nilimsikia Kipepeo akivuta pumzi kila kitu chake kinapotajwa, kama mtu anayeitwa jina lake kwa mara ya kwanza darasani. Bosi alisimama nyuma yetu akitikisa kichwa kwa furaha. Tulifika mkiani, tukaingia ndani, tukatoka. Mjomba alibakiza kutaja alama tu.

"Mzee," Kipepeo alisema. "Samahani kukukatiza. Naomba tufungue mlango."

Niliufungua. Ulifunguka kwa kukwama kidogo, kama mlango wa kweli.

"Juu, ndani ya fremu," alisema Kipepeo. "Upande wa bawaba. Nimekuwekea kitu pale. Ulitusimulia zamani sana, kwenye hukumu ya mtu mwingine, ulikipitia tu. Mwingine yeyote atakiona asijue ni nini. Wewe ukikiona utajua."

Nilisogeza picha hadi pale. Nilikiona. Kilikuwa kidogo, kimejificha mahali ambapo hakuna abiria anayeinua macho. Mkono wangu ulikuwa umesimama, na mjomba alikuwa ameinamisha kichwa kando, akinisikiliza. Nilitamani mkono uweze kusema. Lakini kipanya kinaweza kusema zuri, kinaweza kusema baya, hakina jinsi ya kusema hiki ni nini. Kinasa kilikuwa wazi. Kama ningefungua mdomo, kila mtu angejua.

Feni ilikuwa imezimwa. Nilisikia jasho langu likidondoka mezani.

"Umekiona, mzee?"

"Naona ume..." mjomba alianza.

Nilijua anapekua kichwani visa vyote alivyowahi kusimulia, na kwamba kama angetupa kimoja huenda kingepata. Midomo yake ilicheza. Kisha akaifunga, akasogea karibu na maikrofoni.

"Sikioni, mwanangu," alisema. "Macho yangu yamekufa katikati. Hii ndege yako sijaiona, si mlango, si bawa. Niliyoyasema nimeambiwa, nikakariri. Ungekuwa umeniwekea kitu kingine chochote ningejaribu kubahatisha. Hiki umeniwekea mimi. Nisamehe."

Nyuma yangu Bosi aliita jina la Mungu kwa sauti ya chini.

"Tangu lini?" Kipepeo aliuliza.

"Ni mwaka sasa, na zaidi."

"Kwa hiyo ile ndege ya majini uliyoisifu... na rafiki yangu uliyemwambia aache kabisa, akaacha..."

"Na hao pia."

"Basi nani alikuwa anatazama kazi zetu?"

Nikavunja sheria. "Mimi," nilisema.

"Wewe nani?"

"Mshika kipanya."

Laini ikakatika. Bosi akainama juu ya bega langu, akazima kinasa, akabaki amejishika kichwa. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema tu, "Msasa, ungeniambia," akatoka, na tukasikia akiwahudumia wateja kwa sauti ya kawaida, akimwambia mtu kwamba chaja yake imeungua.

Tulikaa gizani.

"Kilikuwa nini?" mjomba aliuliza.

"Alama ya kidole gumba. Kwenye rangi. Kama mtu aligusa kabla haijakauka."

Akasema kwamba wapaka rangi hawawezi kupima ukavu mahali panapoonekana, kwa hiyo hugusa juu, ndani ya fremu ya mlango, kwa gumba. Kama haijakauka, alama inabaki humo daima. Ndege nyingi zinaruka na gumba la mtu ambaye hakuna anayemjua. Alisema hivyo akiwa amekibana kidole chake mwenyewe ndani ya ngumi.

Bosi alirusha tangazo fupi kwamba hukumu zote za Msasa za kipindi kile zimeondolewa. Halikuwa na jeuri, hata pole alimpa. Lakini jeuri watazamaji waliileta wenyewe. "Msasa kumbe kitambaa," mmoja aliandika, na wengi wakachekea hapo. Wengine walidai alama mpya, wengine walidai kuombwa radhi. Yule aliyeacha kuchora hakuandika kitu. Nilimtafuta kila siku kwenye maoni, sikumwona.

Halafu Bosi akaniita. "Kumbe hakimu ulikuwa wewe," alisema. "Basi kaa kiti chake. Ila sasa mdomo ufunguke."

Nilikubali, na sababu yangu ilikuwa moja. Nilitaka kuanza na Kipepeo. Nilitaka nimtajie kila kitu kwa jina lake, hata kile cha kwenye fremu, mbele ya watu wote, kama mtu aliyekiona kwa macho yake. Nilifikiri hilo litarudisha kitu. Nilikaa kwenye kiti cha kulia, nikaifungua tovuti, nikatafuta ndege. Haikuwepo. Alikuwa ameiondoa.

Nilimpigia simu. Alipokea, na hakuwa na hasira.

"Dada, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini mimi sikuichorea tovuti. Mzee alisema nikiishika nirudi. Nilikwenda hadi mahali ambapo wameitelekeza moja kwenye majani, nikaishika. Nilitaka aione yeye. Sasa nani mwingine?"

"Mimi nimeiona. Yote."

"Najua. Asante. Naomba ufute nakala yako."

Nilijaribu kumbembeleza. Nilimwambia kwamba kazi nzuri kama ile haipaswi kupotea, kwamba watu wanahitaji kuiona. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akarudia ombi lake. Ilikuwa mali yake. Niliifungua mara moja ya mwisho, nikaizunguka yote, taratibu, halafu nikaifuta mbele ya Bosi ili asije akashawishika kuirudisha.

Jioni nilipita kwa mjomba. Alikuwa sebuleni, ameegemea ukuta, taa hajawasha. Alinitambua kwa hatua.

"Bibi hakimu," alisema, akijitahidi kutania. "Leo ndiyo siku ya kwanza. Umempa ngapi Kipepeo?"

Nilikuwa nimelitafakari swali hilo njia nzima. Ningeweza kutaja alama kubwa, akalala vizuri. Hakuna ambaye angemwambia tofauti.

"Sikumpa, Mjomba. Ameiondoa ndege yake. Ameniomba niifute, nimeifuta."

"Kwa sababu yangu."

Sijui nilitegemea nini tangu ile siku ya ngazi za saruji. Nadhani niliamini kwamba ukweli ukishatoka, kila mtu atapumua. Nilimtazama, mtu aliyetaka kuondoka kwa miguu yake, na sikuona aliyepumua.

"Ndiyo," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaitwa waingie ndani, mmoja anakataa. Niliketi kwenye mkeka karibu na miguu yake. Kiza kiliingia chumbani, na mimi ndiye pekee niliyekuwa nakiona kikiingia.

Baadaye aligeuza kichwa pembeni, upande ule anaoona, akanitafuta.

"Bado upo?"

"Nipo, Mjomba."

"Basi kaa," alisema. "Lakini usinieleze kitu chochote kinavyoonekana."